Watu wa Mkonge, Watu wa Mpunga

Jumatatu, 25 Januari 1999
Wiki ya pili ya kazi. Kijiji cha mpunga tena, nyumba saba. Jua kali. Vumbi mpaka kwenye meno.

Watu wa hapa walitoka Upareni. Wengi walikuja mifereji ilipochimbwa, wakagawiwa majaruba ya mpunga. Sasa nyumba za tofali, mabati, baiskeli. Watoto shuleni. Mama mmoja alinionyesha kabati lake jipya kabla sijafungua mdomo. Mtu aliyefanikiwa hachoki kuulizwa.

Nimekula wali mara tatu. Kukataa hakuwezekani.

Jumanne, 26 Januari
Bi. Salome ameridhika na wiki ya kwanza. Yeye ni mtafiti kutoka chuo kikuu, Dar. Analinganisha wahamiaji wa aina mbili huku tambarare chini ya Moshi: hawa wa mpunga, na wale wa kambi ya mkonge waliotoka Singida. Nani amefika wapi, na kwa nini. Mimi nauliza maswali, naandika majibu. Nilikuwa karani wa ghala la kahawa mjini mpaka tulipopunguzwa. Kazi hii imeniokoa. Sitaki kuiharibu.

Wiki ijayo tunahamia kambini. Kuna nyumba moja kule nisingependa kuikuta. Sijamwambia.

Ijumaa, 29 Januari
Tumepiga kura za nyumba za kambini. Vikaratasi kwenye sufuria, Bi. Salome anachomoa, mimi naandika. Akachomoa nyumba ya Hamisi, mkata mkonge.

Hamisi ni shemeji yangu. Mke wake ni dada yangu, Genoveva. Aliondoka nyumbani Kilema, mlimani, na huyo Hamisi nikiwa darasa la saba. Mwislamu, mtu wa kuja, hana hata mgomba. Baba alisema hana tena binti wa kwanza, na kuanzia siku hiyo jina halikutajwa mezani. Mimi sikuulizwa maoni.

Ningeweza kumwambia Bi. Salome achomoe kingine. Nimenyamaza. Nataka kumwona. Naogopa kumwona. Yote mawili.

Jumatatu, 1 Februari
Kambi. Vyumba vimepangwa mstari kama mabehewa. Kuta zina nyufa, milango inaning'inia. Hakuna anayetengeneza kwa sababu nyumba ni za shamba. Mashine ya mkonge imesimama tangu bei iliposhuka. Wanaume wanachoma mkaa, wanawake wanalima vibarua kwenye majaruba ya wale wa mpunga. Kwa hiyo jamii zangu mbili zinajuana kuliko tulivyodhani.

Hapa hawapendi kuulizwa. Mzee mmoja aliniambia, "Andika unachotaka, binti. Nyumba hii si yangu, shamba si langu. Langu ni hili panga."

Wote wanaongea habari moja. Shamba linauzwa. Asiye na kazi atatoka kwenye nyumba kabla ya masika.

Jumatano, 3 Februari
Leo ilikuwa zamu ya nyumba ya Hamisi.

Genoveva alikuwa uani na majirani wawili, wanachambua maharage. Amekonda. Jino moja la mbele halipo. Alinitambua nikiwa bado barabarani, nilimwona anaacha kuchambua. Nilipofika alisema, "Karibu, dada wa takwimu."

Nikakaa. Nikafungua dodoso. Sikujua nifanye nini kingine.

"Ulizaliwa wapi?"
"Kilema."
"Kwa nini ulihama?"
"Niliolewa."
"Kuna ndugu wanaokusaidia?"
"Hakuna."
"Kuna ndugu aliyewahi kukutembelea hapa?"
Akainua uso. "Leo ndiyo mara ya kwanza."

Majirani hawakuelewa. Mmoja alicheka, akidhani ananitania. Niliandika "hapana", nikafuta, nikaandika "ndiyo".

Nyuma ya bafu amepanda migomba, inakunywa maji machafu ya kuogea. Ameipanda kama tunavyopanda kwetu. Ni yeye peke yake kambi nzima. Ana watoto wawili. Mkubwa anaitwa Zaina, ana sura ya Mama, hata namna ya kusimama. Nilikunywa uji. Niliondoka bila kumshika mkono.

Nimelala kitandani na viatu.

Ijumaa, 5 Februari
Bi. Salome amekwama kwenye dodoso la Genoveva. Anaishi na watu wa Singida, amezaliwa mlimani. Awekwe kundi gani? Akaniuliza mimi. Nikamwambia ukweli wote.

Aliweka kalamu chini. Halafu akasema anaweza kuitoa nyumba ile, hakuna atakayejua. Nikakataa. Kama ametolewa nyumbani, asitolewe na huku pia.

"Basi tumwandike anakoishi," akasema. Akaandika.

Jumapili, 7 Februari
Nimepanda Kilema. Baada ya misa nilimfuata Mama nyuma ya zizi, anakata mgomba wa ng'ombe. Nikamwambia nimemwona Veva, kama tulivyomwita Genoveva nyumbani. Aliendelea kukata.

"Watoto wangapi?"
"Wawili."
"Anakula?"
"Anakula."
"Usiniambie alichosema juu yangu."
"Hakusema kitu."

Akakata mpaka mgomba ukaisha. Akasema Jumatano ni siku yake ya soko, na sokoni si lazima afike. Baba asijue.

Jumatano, 10 Februari
Mama ameshuka. Mkungu wa ndizi kichwani, kibuyu cha maziwa mkononi, kama anakwenda kumwona mzazi aliyejifungua. Nilimwongoza mpaka uani kwa Genoveva.

"Shikamoo, Mama."

Hakuitika. Akatua mzigo. Akamwita Zaina, akamkalisha kwenye kigoda, akamkagua miguu, kidole kwa kidole, kutafuta funza. Hakukuwa na funza. Ndipo akalia. Genoveva naye. Mimi nikaenda kutazama migomba.

Hamisi alirudi na gunia la mkaa. Alipoona wageni alisimama barabarani, hakuingia kwake mpaka Mama alipomwita. Ni mtu mpole, mrefu, anaongea akitazama chini. Sijui nilitegemea nini.

Mama alipika ndizi za machalari kwa sufuria ya Genoveva na kulalamika kwamba sufuria ni nyembamba.

Jumamosi, 13 Februari
Baba amejua. Mtu wa Kilema alimwona Mama akishuka na mkungu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Hajagusa chakula cha Mama tangu jana, anachoma ndizi mwenyewe. Nilipofika jioni alisema neno moja tu, na halikuwa la kwangu peke yangu: "Mtu asiniletee sale hapa."

Kwetu ukiletewa jani la sale kwa ajili ya msamaha huwezi kulikataa. Kwa hiyo amefunga mlango huo kabla hatujaufikia. Mama alikuwa ameshachuma jani. Nililiona, limefungwa kwenye kanga, kwenye kapu la mahindi. Alilitupa kwa mbuzi.

Jumatano, 17 Februari
Jumatano ya Majivu. Nilipokea asubuhi mjini, kisha kazini na alama usoni.

Tangazo limebandikwa kambini. Mwisho katikati ya Machi. Hamisi anataka kurudi Singida. Nikamuuliza ana nani kule. Alikuja akiwa mtoto wa kubebwa na baba yake, na baba amezikwa hapa hapa nyuma ya mashine. "Singida ni jina tu, shemeji. Lakini mtu lazima aseme anakwenda mahali."

Genoveva alikuwa anashona mfuko wa kubebea vyombo.

Jumamosi, 20 Februari
Bi. Salome amenisomea matokeo ya kwanza. Nyumba, mifugo, shule, vikundi. Watu wa mpunga wako mbele kwa kila kitu isipokuwa kusaidiana msibani. Watu wa mkonge wanazikana vizuri zaidi.

Alisema alikuja akidhani atakuta tofauti ya bidii au ya mila. Hakuikuta. Wale walipofika walipewa ardhi na maji. Hawa walipofika walipewa ufunguo wa chumba cha mtu. Mengine yote yametoka hapo.

Nakubaliana naye. Ni kweli, na imeandikwa vizuri. Haitamsaidia mtu yeyote kabla ya masika.

Jumapili, 21 Februari
Baba ameanza kula. Mezani leo akaniuliza, bila kunitazama, "Kazi yako hiyo. Unawauliza nini watu?"

Nikamwambia.

"Wale wa kambini wana shamba?"
"Hapana, Baba."
"Ng'ombe?"
"Mbuzi wawili." Nilijua tunaongea juu ya nani. Yeye pia.
"Nyumba?"
"Si yao. Wanatolewa."
"Mume anakunywa?"
"Ni Mwislamu, Baba."
"Nimeuliza kama anakunywa."
"Hanywi."

Akasukuma sahani, akaenda kwa ng'ombe. Mama alinitazama. Nikaosha vyombo.

Alhamisi, 25 Februari
Hamisi ameuza mbuzi wote wawili apate nauli. Wanaondoka Jumatatu. Zaina ametolewa shule. Mwalimu alimpa daftari jipya, analibeba kila mahali.

Nilimwambia Genoveva aje nami Kilema, asimame mlangoni tu, tuone. Alisema, "Nilishasimama mlangoni pale. Zaina alipozaliwa. Baba alinipita kama anapita upepo." Sikujua. Mama alikuwa shambani siku hiyo, naye hajui.

Leo namchukia Baba. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Jumamosi, 27 Februari
Nimepanda kwenda kumwambia Mama siku ya safari. Nilisema jikoni, kwa sauti, nikijua Baba yuko nje ya ukuta. Alikuwa amekaa anakunywa pombe yake ya mbege.

Akaingia na kata yake mkononi. Akauliza, "Mwaka jana nani aliiba mahindi yangu kule chini?"

Tuna shamba la mahindi tambarare, upande wa Himo. Kila familia huku mlimani ina kipande chake, na kila mwaka watu wanavuna kabla yetu.

"Hatukumjua, Baba."
"Nataka mlinzi. Mtu asiyekunywa."

Mama akaacha kukoroga.

"Huyo mlinzi atalala wapi?" akauliza.
"Ajenge. Mimi siwajengei watu." Alifika mlangoni, akageuka. "Na sijamsamehe mtu. Nimesema mlinzi."

Mama alisubiri hatua zake ziishe. Halafu akaniambia niondoke sasa hivi, nisinywe hata chai, kabla hajaongeza neno.

Jumapili, 28 Februari
Sikwenda misa. Nilikwenda kambini.

Genoveva alicheka mpaka akakaa chini. "Mlinzi! Baba amesema hivyo hivyo, mlinzi?" Alicheka tena, akajifuta macho kwa kanga, sikuweza kujua kama bado ni kicheko.

Hamisi hakucheka. Aliuliza kama nyumba atakayojenga itakuwa yake. Nikasema sijui. Baba hakusema. Aliuliza kama wakifukuzwa tena watakuwa wamefukuzwa na nani, shamba au mkwe. Nikasema sijui. Akatoka. Nilidhani amekasirika, na alikuwa na haki.

Alirudi baada ya muda mrefu. Akaanza kufungua mizigo, kamba moja moja, akizikunja vizuri. Genoveva alimwangalia. Akasema, "Kule tutabebea nini, kama unafungua?" Hamisi akasema anatafuta jembe.

Jumatatu, 8 Machi
Bi. Salome amerudi Dar. Kazi imekwisha. Amenipa barua ya kunisifu, huenda itanifaa.

Kabla ya kuondoka alipita kambini mara ya mwisho. Nusu ya vyumba vimeshafungwa kwa kufuli za shamba. Wengine wamekwenda Singida, wengine Pasua, mjini, kupanga chumba, wengine hakuna anayejua. Mzee wa panga hayupo. Kwenye ukurasa wa nyumba ya Genoveva Bi. Salome aliandika: wamehama tena. Akaniuliza kama ni sawa. Nikasema ni sawa.

Kule kwenye mpunga wanapandikiza. Nilipita. Walinikaribisha wali.

Jumamosi, 13 Machi
Shambani, upande wa Himo. Mawingu yamekaa mlimani, mvua bado. Hamisi amesimamisha nguzo za chumba kimoja na sebule. Majirani watatu wa kambini wamekuja kusaidia kabla hawajaondoka wenyewe.

Baba alishuka saa za asubuhi na fimbo yake. Hakuna aliyemwita. Alisimama mwisho wa shamba akajifanya anatazama matuta. Hamisi akamfuata, "Shikamoo, mzee." "Marahaba," akitazama nguzo. Genoveva alibaki upande wa pili na udongo mikononi.

Baba alizunguka nguzo zote. Halafu akasema mlango umeelekea upande wa vumbi, msimu wa kiangazi watakula mchanga. Hamisi alitazama, akaona ni kweli. Akang'oa nguzo mbili, akaanza kuchimba upya. Baba aliweka fimbo chini, akashika nguzo wima wakati Hamisi anashindilia udongo. Walifanya hivyo kwa nguzo zote mbili.

Genoveva alileta maji, akaweka kikombe chini karibu na Baba, akarudi kwenye udongo wake.

Nilikuwa nakata nyasi za kuezekea. Nilipotazama tena kikombe kilikuwa kitupu.