Ukuta wa Shemeji

Jumatatu, 4 Mei

Kiwanja tumepewa — cha pembeni, udongo mgumu kama mkate wa juzi. Koleo la kwanza limevunjika mpini. Sawa. Ramani yangu ya mashindano ya bustani ni hii: ukuta wa mawe bila saruji, bwawa dogo, nyasi ndefu, na mwisho wa njia kibanda cha mbao, mlango wazi, ndani kiti kimoja na taa. Majaji watalinganisha nilichochora na nilichojenga. Pungufu ni pungufu. Nikishinda napewa bustani ya manispaa. Kazi ya kueleweka, si kukatia watu nyasi mpaka nizeeke.

Penye miti hapana wajenzi, wanasema. Mimi mjenzi ninaye, ila ni shemeji, mume wa mdogo wangu. Sijui mwashi mwingine anayepanga mawe yakashikana yenyewe. Mikono ya dhahabu, roho ya nyoka. Nimemwita.

Jumatano, 6 Mei

Ukuta unapanda. Mzuri mpaka unaudhi.

Leo fundi bomba wa bwawa kamtania shemeji, eti ukuta umeegemea kama mlevi anayetafuta choo. Tukacheka. Shemeji naye akacheka. Halafu akamkamata shingo, akamkandamiza uso kwenye tope la bwawa, mpaka miguu ya mwenzake ikaanza kurukaruka. Nilimtandika shemeji mgongoni na mpini wa reki, sijui mara ngapi. Akageuka taratibu. Shemeji, tunataniana tu, akasema. Fundi bomba katema tope na damu, kakusanya spana zake, kaondoka bila kuaga.

Bwawa nimelimalizia mwenyewe. Shemeji sikumfukuza. Ukuta ulikuwa nusu, na mlango wa kibanda alikuwa bado kuupachika.

Ijumaa, 8 Mei

Mdogo wangu kaniletea chakula. Kavaa miwani ya jua, na mawingu yametanda! Nikamvua. Jicho limefumba, limevimba, rangi ya bilinganya. Nikamuuliza kwa lipi. Chumvi, anasema. Chumvi ilizidi. Akanishika mkono: dada, usimwambie kitu, mwache amalize ukuta wako kwanza.

Ukuta wangu kwanza! Nyundo ilikuwa karibu. Shemeji mwenyewe alikuwa karibu, kainama, kisogo wazi. Nikautazama ukuta — umebaki mstari wa juu — nikaiacha nyundo. Mimi! Mimi niliyewahi kummwagia mwenye nyumba ndoo ya maji kwa maneno madogo kuliko hayo. Najichukia. Chakula sikukigusa.

Jumamosi, 9 Mei

Umekwisha. Wapita njia wanaupapasa. Nikamwambia shemeji: kazi imekwisha, na mdogo wangu yuko kwa mama, kwako harudi.

Nilidhani ataona haya mbele za watu. Akaokota nyundo, akapita kwenye vyungu vyangu kimoja kimoja, kama mtu anayepasua nazi. Maua niliyoyalea tangu mbegu akayakanyagia humo humo. Nikamrushia tofali, likampata begani. Yeye akanipata mdomoni kwa ngumi. Jino linacheza ninapoandika. Walinzi wamemtoa wakimburuta.

Ukuta hakuugusa. Anaupenda kuliko mkewe.

Kitambulisho cha mjenzi bado anacho, na kesho, siku ya majaji, wajenzi wanaruhusiwa kusimama kwenye kazi zao. Nimekwenda ofisini nikaomba kifutwe. Wamesema wataangalia.

Jumapili, 10 Mei

Majaji wako kwa jirani. Naandika gotini, mgongo wangu kwenye mlango wa kibanda. Nimeufunga.

Mdogo wangu yumo ndani. Alikuja alfajiri, peku, mkono mmoja hauinuki, kaukumbatia kama mtoto mchanga. Shemeji kavunja mlango wa mama. Mama kamdanganya kuwa binti kapanda basi, ndipo mdogo wangu akapata upenyo wa uani. Polisi nimewapigia. Wanasema wako njiani. Getini siwezi kumtoa, ndiko shemeji atakakopitia.

Ramani inasema mlango wazi, kiti, taa. Kile kiti kakikalia yeye.

Msaidizi wa majaji katangulia na karatasi zake. Kaninong'oneza: mama, fungua, mlango ukifungwa hesabu umekosa. Nikamwambia umekwama. Akaniangalia mdomo uliovimba, akaandika kitu, akaenda.

Basi bustani ya manispaa imekwenda. Inauma. Inauma sana, nisijidanganye.

Shemeji kaingia. Shati jeupe, limepigwa pasi, kitambulisho kifuani. Anawapa majaji mkono. Jaji mkuu anausifu ukuta, anauliza saruji iko wapi, naye anacheka kwa adabu, macho chini. Sasa yameinuka. Yamepita juu ya bwawa. Yamefika mlangoni.

Ndani mdogo wangu anauliza ni nani hao. Nimemwambia majaji.

Wanakuja wote pamoja. Msaidizi anawaeleza kuwa mlango umekwama. Namsikia shemeji, sauti laini kabisa: haujakwama huo, niliupachika mimi mwenyewe, ngoja niwafungulie.

Mkasi wa nyasi uko mapajani. Nimeunoa asubuhi.