Mbayuwayu Aliyetoka Ufini

Baba,

Yule mbayuwayu wako alitoka Ufini. Naanza na jibu kwa sababu ulikufa ukilisubiri, na sitaki usubiri hata mstari mmoja zaidi. Ufini iko kaskazini kabisa, jirani na Urusi, ambako ziwa huganda likawa gumu, watu wakatembea juu yake. Alianguliwa huko, ndani ya zizi la ng'ombe. Zizi, Baba! Kama la Mama.

Kila Septemba ndege hao walipojaa juu ya mafunjo, majirani walisema wanazaliwa ziwani kama wadudu. Wewe ulikataa. "Sijaona kiota chao hapa, sijaona kinda. Ndege asiye na kinda hapa ana kwao." Walikucheka. Halafu siku moja ukiwa unakata mafunjo ya mikeka ukamkuta mmoja amekufa, mguuni ana pete nyepesi ya bati yenye herufi na namba. Ulikuja mbio kama mtu aliyeitwa jina lake.

Ukavaa koti la kanisani, tukapanda gari Katito mpaka Kisumu, kwenye ofisi ya wanyama. Yule afisa hakukupa hata kiti. Aliigeuza pete, akasema, "Mzee, hii ni takataka ya wazungu. Lakini iache, nitauliza." Akaitia kwenye droo. Nawe ukasema, "Asante sana, bwana."

Ulirudi mara ngapi? Mimi niliacha kuhesabu. "Bado, Mzee. Ulaya ni mbali." Mara ya mwisho ulikuwa unakohoa, unaegemea bega langu, naye alikujibu kupitia dirisha, mdomo umejaa chapati. Ukamshukuru tena. Nilipokasirika njiani ukanituliza: "Wacha, nyathina, mwanangu. Ana kazi nyingi."

Hakuwa na kazi nyingi, Baba.

Miezi mitatu baada ya kukuzika nilifunga cherehani yangu pale Kondele nikaenda kuiomba ile pete, niwe na kitu chako mkononi. Nikaona barua kutoka Ufini ukutani, imewekwa kwenye fremu ya kioo. Nikaisoma nimesimama. Ilimpongeza afisa kwa kumwokota mbayuwayu "yeye mwenyewe, katika mafunjo ya Nyakach". Yeye, ambaye viatu vyake havijaonja tope! Nikatazama tarehe. Ilikuwa imefika ukiwa hai. Ilikuwa inaning'inia pale ukutani siku ile aliyokujibu dirishani, ndiyo maana hakutufungulia mlango.

Nilimuuliza kwa nini. Aliniambia bila haya: "Baba yako hakujua kusoma. Barua ya Kiingereza angeifanyia nini?"

Baba, nilipiga kelele mpaka makarani wakatoka vyumba vingine. Nilimwambia ungesomewa na mimi! Ungeketi mlangoni pako, ungeitisha chai, ungenifanya niisome mara kumi, kisha ungewaita wote waliokucheka niisome mara ya kumi na moja. Hicho ndicho ungeifanyia. Akaniita mwanamke asiye na adabu. Pete hakunipa; nilitoa kalamu nikanakili anwani iliyokuwa juu ya ile barua, neno kwa neno, naye akinitazama tu.

Na wewe pia nimekukasirikia. Acha niseme. Kwa nini ulimshukuru? Ulijua kuliko yeye. Ulikuwa umewatazama ndege wale maisha yako yote, halafu ukasimama mbele ya meza ile kama mtu aliyekuja kuomba msamaha. Nimelia kwa hilo kuliko nilivyolia kaburini.

Niliandika Ufini, kwa wale wanaowafunga ndege pete ili wajue wanakokwenda. Niliwaeleza nani hasa aliyemwokota. Nilingoja sana, gugu maji lilikuwa limeshaziba njia yako ya kuendea mafunjo barua ya jibu ilipofika, ikiwa na jina langu juu ya bahasha. Wamemfuta yule afisa katika kitabu chao, wakaandika Ochola, msuka mikeka. Nimewasomea nyumbani. Mama alitaka nirudie hapo kwenye jina.

Ndani yake kulikuwa na karatasi nyingine, kutoka kwa mzee mwenye zizi, yule aliyemfunga pete akiwa kinda. Anasema amefunga ndege wengi, lakini hajawahi kusikia habari za mmoja aliyefika mbali hivyo. Anauliza ulikuwa mtu wa namna gani.

Basi nimemjibu. Nimemwambia ulikuwa mrefu, uliimba kanisani kwa sauti mbaya na kwa furaha kubwa, na hukukubali jambo kwa sababu tu watu wengi wamelisema. Maswali yake mengine nitayajibu pia, barua kwa barua, maadamu yeye anaandika. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Baba. Habari zako zimefika Ufini.

Binti yako,
Akinyi