Mchawi wa Kantini na Karatasi ya Ubaoni

Manyatta, nyuma ya kinu cha unga,
Kisumu.

Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa Dada Seline,

Jumanne iliyopita karatasi fulani ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule yetu. Iliandikwa kwa herufi kubwa tupu ili mwandiko usijulikane, na chini ikatiwa jina la kubuni, Msomaji Makini. Shule nzima inauliza huyo ni nani. Ni mimi. Sijamwambia mtu yeyote. Hata Mungu sijamwambia vizuri, nilimgusia tu juujuu nikapita.

Sasa nikusalimu, maana mama yako, shangazi yangu Waya Jacinta, akiona barua inayoanza bila salamu atasema kaka yake alizaa watu wasio na adabu. Hamjambo huko Mwanza? Masomo ya unesi yanaendeleaje, na bado unaogopa sindano kuliko wagonjwa? Mguu wa Waya umepona? Sisi hatujambo. Kifua cha Mama kimetulia tangu mvua ipungue, naye bado yuko soko la Kibuye akiuza nguo zake za watoto. Dani, bibi yetu, amerudi nyumbani kwake Ahero. Maji yalimfukuza mwezi wa nne, na sasa yameondoka anagombana na majirani juu ya mfereji, kwa hiyo tunajua ni mzima.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu ni ya Mama na Mama husoma kila kitu. Na naandika kwa Kiswahili kwa sababu karatasi ile niliiandika kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza najua kudharau watu vizuri zaidi.

Niliyemdharau ni mchawi. Usishtuke, ni mchawi wa kwenye manga, zile katuni za Kijapani. Vitabu kumi na kimoja vya hadithi moja vilikuja ndani ya robota la mitumba Kibuye mwezi wa kwanza, vikanunuliwa na Mzee Hiram, babake Wamucii. Wamucii ndiye ninayeketi naye darasani, na ukiniuliza rafiki zangu ni wangapi nitakutajia yeye kisha nitafute namna ya kubadilisha mazungumzo. Mzee Hiram ni fundi wa kujalidi vitabu. Watu humletea Biblia zilizofumuka, nyimbo za kanisa, atlasi za shule, naye huzishona kwa uzi na kuzitia jalada gumu ambalo hata ng'ombe akilikanyaga halipasuki. Hivyo vitabu kumi na kimoja alivijalidi kwa siku tatu, bila malipo, akaipa maktaba ya shule yetu, kwa kuwa Wamucii ndiye kiranja wa maktaba.

Dada, ungeona foleni. Watu ambao hawajawahi kumaliza kusoma hata maelekezo ya mtihani walikuwa wamesimama mlangoni mwa maktaba kabla kengele haijalia. Wavulana wa kidato cha nne ambao kitabu kwao ni kitu cha kukalia nyasi zikiwa na umande. Wakampa yule mchawi, msichana anayepika kantini, jina la Nyar Kantini, binti wa kantini, wakawa wanamwongelea kama ni jirani yao. Mchezaji akikosa bao uwanjani anaambiwa hata birika la Nyar Kantini lingefunga. Mimi nilikuwa nasoma riwaya nzito yenye mwandishi aliyekufa, peke yangu, chini ya dirisha, na hakuna aliyeniuliza inahusu nini.

Kwa hiyo nikaazima kitabu cha kwanza. Nilimwambia Wamucii nampelekea Mama aone kazi ya babake. Nikakitia ndani ya atlasi, nikakisoma chooni, nyuma ya maabara, na hata kanisani wakati wa matangazo.

Ilikuwa takataka. Kinaanza kijiji kizima kimefurika supu na watu wanalia. Mvulana mmoja anamtazama msichana kama hajawahi kumwona, kisha anageuka kuwa birika. Birika linadaka mpira kwenye mechi. Polisi wanamtafuta mvulana ambaye tayari tumemwona. Bibi aliyekufa anatoka kwenye sufuria ya wali, anatoa ushauri wa mapenzi, kisha inafuata picha ya jinsi ya kukata kitunguu bila kutoa machozi. Ukurasa huu kichekesho, unaofuata kitisho, wa tatu upelelezi, wa nne wanashikana mikono. Na mwisho, baada ya hayo yote, msichana hajui chochote kuhusu uchawi, anapiga chafya, basi, kitabu kimeisha.

Nikaandika hivyo. Nikasema ni sahani ya mlafi kwenye harusi, pilau na chapati na samaki na keki vimepangwa mlima mmoja na kumwagiwa mchuzi mmoja. Nikasema wanaokipenda ni watu ambao akili yao haiwezi kukaa kwenye chumba kimoja zaidi ya dakika mbili. Nikasema uchawi wenyewe hauna sheria, kwamba mtunzi ameloga kwanza akafikiri baadaye. Niliandika rasimu nne, Dada. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kukueleza. Asubuhi niliwahi shuleni kabla ya bawabu kumaliza kufungua lango, nikaibandika.

Nisiloliandika ni kwamba lile birika likiwa golini, likiwa limefunikwa kofia, nililazimika kuuma sweta ili chooni wasinisikie. Na wakati yule bibi aliporudi ndani ya sufuria nililia. Nilijiambia ni kwa sababu ya harufu ya choo.

Watu walicheka. Si wale wasomaji wa Nyar Kantini tu, kila mtu, na kwa siku moja nzima nilipita koridoni nikisikia maneno yangu vinywani mwa watu wasiojua jina langu. Siku ya pili Bwana Wanyonyi, naibu wa mwalimu mkuu, akaisoma karatasi kwenye gwaride la asubuhi. Aliisoma vibaya, akiruka vichekesho vyote. Yeye aliona neno moja tu, uchawi. Akasema hata mwanafunzi mwenzenu ameona kwamba vitabu hivi vimeleta uchawi shuleni, tena amesema bila kulazimishwa. Huyu mtu amefundisha miaka mingi na hajui tofauti ya kudharau hadithi na kushtaki. Akavifungia vitabu ofisini kwake. Wamucii akavuliwa ukiranja mbele yetu sote, akaambiwa Jumatatu, yaani kesho, aje na mzazi aliyevileta.

Uelewe mzazi mwenyewe ni nani. Mzee Hiram alikuja Kisumu kutoka Murang'a kabla mimi na wewe hatujazaliwa, na mpaka leo huongea polepole ili asimkosee mtu. Hapa kwetu mtu wa mbali anaweza kuuza viazi miaka thelathini watu wakimwita ndugu, lakini jina lake likiunganishwa na uchawi, hata kwa utani, kuna watu wataanza kukumbuka alikotoka. Tayari mama mmoja amekuja kuchukua Biblia yake mezani kwake kabla haijashonwa.

Alhamisi tulikuwa tunatembea kurudi nyumbani na Wamucii, nami nilikuwa nimejiandaa kusikia akimtukana Msomaji Makini. Ningekubali kila tusi. Akasema, kwa sauti yake ile ya kawaida:

"Unajua huyo mtu alianzia nyuma? Kila kitu alichoandika ni kinyume. Maskini, hakuwa na mtu wa kumuuliza."

Nilimwuliza nyuma vipi. Ndipo akanieleza. Vitabu vya Kijapani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo jalada lake la mbele liko mahali ambapo sisi tunaweka la nyuma. Babake alipoviona alidhani kiwandani walikosea. Aliwahurumia. Akavua majalada yote, akayageuza yakae vile kitabu cha heshima kinavyokaa, na ule ukurasa uliokuwa ukimwambia msomaji kwamba ameanzia upande usiofaa akauchana, akidhani ni maelezo ya wafanyakazi wa kiwanda. Wamucii aligundua wiki ya kwanza, lakini hakutaka kumwaibisha babake, maana alikuwa amevionyesha soko zima. Kwa hiyo kila aliyekuja kuazima alinong'onezwa aanzie mwisho, na asiyenong'onezwa na Wamucii aliambiwa na mwenzake. Shule nzima ilijua. Mimi nilichukua kitabu kwa ule uongo wa kumwonyesha Mama jalada, nikaondoka haraka kabla hajafungua mdomo.

Msomaji Makini, Dada. Mtu aliyetembea kinyumenyume safari nzima kisha akailaumu barabara.

Wamucii akaendelea. Aliniomba, kwa kuwa najua kuandika, nimwandikie babake barua ya kujieleza ya kumpa Bwana Wanyonyi. Nikasema sawa.

Jana Jumamosi nilikwenda Kibuye kwa Mzee Hiram, eti kuchukua maelezo. Kitabu kimoja kilikuwa kimebaki kwenye mkoba wa Wamucii, hichohicho cha kwanza, nikakaa nyuma ya meza yake kati ya gundi na mikasi nikakisoma kuanzia mwisho. Bado ni takataka, sitaki ufikiri nimeokoka. Wanaongea kwa kupiga mayowe na macho yao ni makubwa kama visahani. Lakini uchawi una sheria. Msichana hawezi kuloga ila akipiga chafya, na alipata chafya hiyo siku alipokuwa akipika kwa upawa wa bibi yake aliyefariki. Anataka tu kumponya mafua mvulana anayempenda. Anamgeuza birika. Yale yote mengine, mechi, polisi, supu, ni yeye anajaribu kurekebisha kosa moja bila mtu kujua kwamba ni lake, na kila akilificha linaongezeka ukubwa. Mwishoni anafanikiwa, mvulana anarudi kuwa mtu, na hamkumbuki.

Nikaelewa pia ile foleni, ingawa inaniuma kusema. Unakumbuka tulipomzika Baba Mdogo Mathews? Watu walilia mpaka wakazimia, halafu mtu akasimulia jinsi marehemu alivyofukuzwa na bata, tukacheka kando ya jeneza. Shemeji walipigania sufuria. Diwani akaomba kura. Muziki ukapigwa, wewe na mimi tukacheza, kisha tukalia tena. Hakuna aliyeuliza hii ni shughuli ya aina gani. Mimi ndiye niliyetaka hadithi iketi kwenye chumba kimoja, kana kwamba kuna mtu yeyote Kisumu anayeishi hivyo. Wale wavulana wa kidato cha nne waliliona hilo kabla yangu, na sitawasamehe.

Mzee Hiram alikuwa akishona kitabu cha nyimbo. Bila kuinua macho akaniuliza:

"Adongo, wewe ni msomaji. Nilivifunga kichwa chini?"

Nikamwambia ndiyo, Mzee, lakini kazi yenyewe ni nzuri. Akakata uzi. Akasema basi Jumatatu atawaambia kosa ni lake, na huyo mtoto aliyeandika asitafutwe, kwa sababu aliandika alichokiona. Kisha akanionyesha koti atakalovaa. Lilikuwa limepigwa pasi na kutundikwa kwenye msumari, juu ya vitabu vya watu.

Dada, nilikuwa na nafasi pale pale. Tulikuwa wawili tu. Nikasema asante, Mzee, nikaenda nyumbani.

Tangu asubuhi nimekaa mezani na karatasi mbili. Ya kujieleza kwa Bwana Wanyonyi haina hata mstari mmoja. Ningeweza kuiandika vizuri sana, ningemfanya Mzee Hiram aonekane malaika na Msomaji Makini aonekane mjinga asiye na jina, na kila mtu angenisifu kwa kumtetea rafiki. Nimeijaribu kichwani. Ni nzuri mno. Nimeichukia kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Badala yake nimekuandikia wewe, na kila Mama alipopita nimeisukuma hii chini ya kitambaa cha meza.

Wamucii alisema atakuja saa kumi. Kesho saa mbili babake atakuwa amesimama mbele ya walimu.

Nisalimie Waya Jacinta, umwambie nimemwombea mguu. Msalimie Baba Nicodemus na mdogo wako Frankline, naye aache kuniita Profesa. Mungu awalinde ng'ambo hiyo ya ziwa, akufaulishe mitihani yako, na awape usingizi mzuri, ambao huku kwangu umepotea tangu Alhamisi.

Nasikia Mama anamkaribisha mtu, anamwambia apite, niko chumbani naandika. Ni Wamucii. Anavua viatu. Unisamehe, Seline, barua yako itakufikia ikiwa imeshasomwa na mtu mwingine, maana naiacha hapa juu ya meza, juu ya kitambaa, upande wa maandishi ukiwa juu, na nampa

kiti changu pia. Amekaa. Ameanza kusoma, mstari wa kwanza kabisa. Nimemwomba aniachie kipande hiki cha chini nitie sahihi.

Ndugu yako anayekupenda na anayetetemeka,
Adongo
(Msomaji Makini)