Sikio la Kondoo Limevuka Masika

Jumapili, Juni. Chake Chake. Mvua imekatika, jua limetoka tangu asubuhi na uwanja unafuka mvuke.

Nimeshinda! Leo najisifu, atakayechoka asisome.

Mwezi wa Machi dada yangu wa Lushoto alinipa miche mitatu ya ua linaloitwa sikio la kondoo. Majani yake yana rangi ya fedha, manene, yana manyoya laini. Akanionya kuwa Pemba mvua nyingi, litaoza, nisije nikamlaumu. Mimi tena, nikiambiwa siwezi ndipo ninapojifunga kibwebwe.

Sasa niungame. Miche miwili niliiua mwenyewe.

Mama mkwe wangu, Bi Mize, macho yake yamefifia kwa mtoto wa jicho, lakini macho ya watu anayaogopa mno. "Lifunike, mwanangu, wasije wakalitia jicho." Nikaifunika kwa kawa, kama sahani za wali. Kila asubuhi namwagilia, nafunika, naenda kazini. Wiki ya pili majani yakawa meusi, yanateleza. Bi Mize akasema husuda hiyo, imepenya. Nilitaka sana kumwamini, maana husuda ingenitoa lawamani. Lakini nilipofunua kawa, joto na harufu ya kuoza vilinipiga usoni.

Ukabaki mmoja.

Nikauhamishia kwenye ndoo iliyotobolewa chini, mchanga na kokoto nyingi, udongo kidogo. Nikauweka ukingoni mwa baraza, chini ya paa, upepo uupate. Bila kawa. Bi Mize alininunia siku tatu. Mvua za Mei zikapiga mpaka njia ya Wesha haipitiki, na mimi kila nikirudi naiangalia ndoo kabla sijavua viatu.

Leo una vichipukizi vitano!

Nikamshika Bi Mize mkono, nikampapasisha jani. Akalipapasa tena.

"Mashaallah! Kumbe laini hivi, na mie nnakaa nalo siku zote hizi?"

Niliona haya. Kwa hasira za kawa, sikuwahi kumkaribisha hata aliguse.

Kabla sijamjibu, kashafika ukingoni mwa baraza, anamwita jirani kwa sauti yake yote: "Bi Asha! Njoo uone ua la mkaza mwanangu! Na wenzio waite!"

Kawa nimeirudisha jikoni. Kesho nakata kichipukizi cha kwanza, nampandia Bi Mize ndoo yake mwenyewe, pembeni mwa mkeka anapokaa, pale mkono wake unapofika.