Dodoso la Pembeni

Michenzani, Unguja
Ijumaa, baada ya Alasiri

Dada yangu mpenzi Nada,

Assalaamu alaykum. Shikamoo, na nyengine nnakuongezea kwa zile nilizozisahau kwenye simu. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Khalil na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukuamsha alfajiri kabla ya adhana. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Mama anakula vizuri na anawagombeza watoto wa Zahran kwa sauti inayofika jumba la pili. Na mimi mzima, isipokuwa fundi wangu wa nguo kaacha kunipima. Anasema vipimo vyangu havikai vikangojana na cherehani.

Utashangaa kupata barua katika zama hizi. Simu ninayo, na picha za chumba ulichomtayarishia Mama zimefika, rangi nzuri, pazia zuri. Lakini wewe kwenye simu humuachi mtu akamaliza, dada. Mtu akisema "lakini" tu, ushamuaga. Karatasi haikatizwi. Basi kaa kitako, uisome mpaka mwisho.

Kazi yangu mpaka leo hujaielewa. Nasikia majirani zako wa Muscat unawaambia mdogo wako anagonga milango ya watu kuuliza yasiyomhusu, na hujakosea sana. Sisi watafiti wa maoni tunataka kujua watu wanaonaje mambo: maji, skuli, hospitali, bei ya mchele. Nyumba tunazipata kwa kura, na ndani ya nyumba kishikwambi kinachagua mtu mmoja kwa kura vilevile, na huyo tunatakiwa kumuuliza peke yake. Sasa niambie, nani Unguja hii yuko peke yake? Ukimchagua mke, mavyaa wake, mama wa mume, anakuja na kiti. Ukimuuliza kijana, anajibu shangazi. Na mtu akishaona masikio yamekuwa mengi, anatoa jibu la adabu: kila kitu kizuri, na wewe mgeni kunywa chai.

Ndipo tukabuni njia. Wadadisi wetu wanakwenda wawili wawili. Mmoja anakaa na yule aliyechaguliwa. Wa pili anamchukua mzee wa nyumba chumba chengine, kwa heshima zote, na kumsomea maswali yake yeye. Tunaliita dodoso la pembeni. Mzee anaona kathaminiwa, mkaza mwana anapata nafasi ya kusema lake. Maswali ni mazuri na mzee anayajibu kwa moyo wote. Ila majibu yake hayaendi popote. Jioni tunayafuta. Nilikwambia ukae kitako.

Mwezi uliopita kura ikaliangukia jumba letu, na katika jumba, nyumba ya Mama. Mtu hahoji jamaa zake, hiyo ni sheria, kwa hivyo mimi nikabaki chini kwa muuza juisi ya miwa, nakunywa kile alichonikataza daktari. Kishikwambi kikamchagua wifi yetu Tamima, mke wa Zahran, na Mama akapelekwa chumbani na msichana wangu mmoja hodari wa Makunduchi, Muzdalifa. Tamima akamaliza. Mdadisi aliyekaa naye akashuka. Muzdalifa hashuki. Niliagiza juisi nyengine, nikamaliza na hiyo. Aliposhuka macho yake yalikuwa mekundu, na mkononi ana kipande cha mkate wa kumimina. Wadadisi hawaruhusiwi kupokea zawadi, lakini nionyeshe sheria iliyowahi kumshinda Mama.

Nilipopanda, Mama akaniuliza yule mtoto wa Makunduchi atarudi lini, maana kuna jambo kalikumbuka baadaye. Akaniuliza pia majibu yake yanapelekwa wapi. Nikamwambia yanafika, Mama. Nikajifanya natafuta miwani.

Kisha ukaja mkutano wa chama chetu cha watafiti wa maoni, safari hii hapa kwetu, kwenye hoteli moja Shangani. Walikuja wa Bara, wa Nairobi, wa Kampala. Ungewapenda, dada. Ni watu wanaoweza kugombana tangu chai ya asubuhi mpaka wali wa mchana juu ya neno "sijui", kama liwekwe mwanzo wa majibu au mwisho, halafu wakapiga picha pamoja. Mimi nilipewa nafasi ya kueleza dodoso la pembeni. Nilipofika kwa mavyaa na kiti chake ukumbi mzima ulicheka, nami nikavimba kichwa kama unavyonijua.

Hapo akasimama Bi Bashira. Huyu ndiye aliyetufundisha kazi wengi wetu, na sasa kastaafu, lakini hakosi mkutano. Akaniuliza kwa upole, yale majibu ya wazee yanakwenda wapi. Nilikuwa nshanogewa na vicheko, nikamjibu kuwa majibu ya pembeni yanabaki pembeni. Wakacheka tena. Yeye hakucheka. Akasema umri wake sasa ni ule wa kupelekwa chumba cha pembeni, na angependa kujua mapema, kabla hawajamwita. Akakaa. Mimi nikarudi kitini pangu, na wali wa mchana ukanishinda, jambo ambalo wenzangu walilijadili.

Nikamtafuta Muzdalifa. Nikamwambia kwa sauti ya ubosi anieleze Mama alimwambia nini. Akainamisha kichwa, akaniambia kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha: neno la mhojiwa halitoki, hata kwa msimamizi, hata kwa jamaa, "na wewe, mwalimu, kwa hili ni vyote viwili." Nilimuonea fahari, na nilitamani kumfinya.

Sasa tuje kwenye jambo lako. Chumba tayari, na tiketi unataka kuikata wiki hii, ya kwenda tu, Mama ahamie kwako moja kwa moja. Sote tulikwambia karidhia. Lakini kaulizwa na nani? Zahran alimuuliza kwenye sinia, nyumba nzima inakula. Wewe ulimuuliza simu ikiwa wazi, shemeji Khalil anamsalimia kwa nyuma. Mimi nilimuuliza huku navaa viatu. Kila mara kajibu "mnavyoona nyinyi." Mdadisi wangu akiniletea jibu kama hilo, namrudisha nyumba ile ile na jua lake.

Basi Jumatatu nikamchukua Mama twende Mlandege kuchagua kanga. Peke yetu, nilidhani. Kutoka mlangoni mpaka barabarani kasimamishwa na ngazi nzima ya wanawake wanaoshona kofia, kila mmoja na salamu zake. Dukani mwenye duka akataka habari za ukoo wote, wazima na marehemu. Mpaka ilipoadhiniwa akatuachia duka akaenda kusali, nasi tukabaki nyuma, baina ya marobota ya kanga. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Na mimi, fundi wa kuuliza, ninayelipiwa nauli kwenda kufundisha wengine, nikamuuliza: "Mama, si utafurahi kwenda kukaa na Nada?"

Akaniambia: "Mnavyoona nyinyi."

Swali kama lile mwanafunzi wa siku ya kwanza haulizi. Nilikuwa nshamuwekea jibu mdomoni. Nikaanza upya. Nikamuuliza tu, "Mama, wewe unataka kukaa wapi?" Kisha nikafanya lile ambalo kwa mtu wa maneno kama mimi ni mateso: nikanyamaza. Akakunja kanga, akaikunjua. Nikanyamaza. Akaniangalia kama anayetaka kujua nimeumwa na nini.

Halafu akasema. Akasema anakupenda, na kitukuu chake, mtoto wa binti yako atakayezaliwa, anataka kumpokea kwa mikono yake, amkande mama wa mtoto yeye mwenyewe, maana vijana wa siku hizi hawajui kukanda mzazi. Lakini alipokuja kwako mara ile alikaa siku nyingi bila ya mtu kugonga mlango. Akasema hapa Michenzani akichelewa kufungua dirisha asubuhi, ngazi nzima inapanda kuuliza, na kofia yake iko nusu, na wale wanawake wanamtegemea kwa kiua cha utosini, hakuna anayekijua kama yeye. Akaniambia maneno haya, nayaandika kama alivyoyatoa: "Nataka kwenda. Sitaki kupelekwa." Tena akataka tiketi iwe ya kwenda na kurudi, na karatasi ya kurudi akae nayo yeye mwenyewe kwenye mkoba wake, si wewe, si Zahran, wala mimi ninayepoteza miwani kila siku.

Nilimuomba ruhusa ya kukueleza, kwa sababu ya Muzdalifa, sasa ninamuogopa. Akanipa. Akasema nikuandikie, nisikupigie, anakujua.

Bi Bashira nilimpigia jioni ile ile. Chama kimetupa kazi, yeye, mimi na Muzdalifa, tutayarishe dodoso la wazee peke yao, majibu yahesabiwe, yasomwe mkutanoni. Safari hii tutawapeleka pembeni watoto wao. Mama nimemwambia wazi kuwa yale ya mwanzo tuliyafuta. Kaninunia mpaka Magharibi, kisha akasema hakuna neno, anayo mengine.

Kuna moja nimeliacha la mwisho, dada, na hili ndilo hasa lililonikalisha kitako kuandika. Nilipodhani kamaliza, Mama akaniuliza: "Na Nada kaulizwa na nani?" Akanikumbusha siku ya posa yako. Wazee wamejaa barazani, kina mama wamejaa ndani, wewe una umri wa Muzdalifa, umeshika sinia ya kahawa, ukaulizwa mbele ya chumba kizima. Ukajibu "mnavyoona nyinyi." Mama anasema jibu lile analo mpaka leo. Khalil ni mtu mwema, hana neno naye. Lakini yeye kama mama yako hakuwahi kukuuliza ukiwa peke yako, wala siku ile, wala baada yake.

Basi kaniagiza nikuulize. Nenda roshani, funga mlango, shemeji na watoto wabaki ndani na televisheni yao. Dada, wewe unataka kukaa wapi? Kama ni Muscat, sema Muscat, tutafurahi na wewe na Mama atakuja kukutembelea kila akijaaliwa. Kama ni kwengine, au ni huku nusu na huko nusu, sema. Jibu lako halitafutwa. Mimi, kwa mara ya kwanza tangu unijue, nimenyamaza.

Wape salamu wote wa nyumbani. Zahran na Tamima wanakusalimu sana, na watoto wanauliza halua. Mama anakuombea dua, na anasema kofia ya kitukuu kashaianza.

Ni mimi mdogo wako, nikingoja,

Rawiya