Msandali wa Rashidi

Landless, Jumatano, 14 Agosti 1996

Nilijua kabisa kwamba mafuta ya manukato hutiwa mwisho, nta ya mshumaa ikishapoa kidogo. Leo nikayatia mapema, pamoja na unga wa kuikaza, sufuria ikiwa bado juu ya jiko.

Hayakuwa mafuta ya dukani. Ni msandali uliobaki kwenye chupa ya mume wangu, aliokuwa akijipaka kila Ijumaa kabla hajaenda kufanya kazi Jeddah. Nilitaka mshumaa mmoja tu, niuwashe kidogo kidogo mpaka arudi. Harufu yote ikapanda na mvuke. Mshumaa umeganda vizuri, mweupe, na haunukii chochote.

Mama yake alifika kutoka Kamenu, akasimama mlangoni akinusa.

“Rashidi yuko ndani?”

“Ni nta, mama. Nimetia mafuta yake, nikayaunguza.”

“Basi umempika mwanangu,” akasema, akijaribu kucheka.

Nikainuka nifungue dirisha.

“Wacha.”

Akafunga mlango nyuma yake, akaketi bila kuvua buibui. Tulikaa hivyo, yeye na mimi, mpaka pua zikaizoea ile harufu na hatukuisikia tena.