TV ya Tatu Haiguswi

Jumatatu, 9 Juni
Nimefungua saa mbili. Nimefuta vumbi kwenye pedi za kuchezea gemu. TV mbili za mpira zimejaa. Ya tatu tupu, kama kawaida. Kaka Masanja, mwenzangu katika kibanda hiki cha gemu, ananicheka. Gemu isiyo na goli ni gemu gani? Ni ya kutafuta njia, nimemwambia. Unakuta ukuta usiopandika, unauacha. Mbele unapata viatu vya kuruka mara mbili hewani, unarudi, unaupanda. Bariadi nzima hakuna gemu tamu kama hiyo. Kasema isipopata watu hadi Jumamosi, anaweka mpira. Akaweke kwake sebuleni.

Jumanne, 10 Juni
Nimeipigia debe mpaka koo limekauka. Bodaboda wawili, fundi cherehani mmoja. Wamecheza, wamekufa, wamepisha. Wote wanasema haifiki popote. Nimeudhika.

Jumatano, 11 Juni
Leo nimekaa nyuma yao, nikaangalia vidole. Kumbe! Kwenye mpira anayefungwa anampisha mwenzake, na mechi inaanza upya. Basi na hapa kila anayepokea pedi anaanza upya. Safari ya mwenzake inafutika. Siku zote hizi wanazunguka pango lile lile la kwanza, viatu hakuna aliyevifikia. Na sheria ya kupisha niliiweka mimi. Mjinga mimi.

Nimebandika karatasi. ANAYEKUFA APISHE. ANAYEPOKEA AENDELEE. KUANZA UPYA MARUFUKU.

Ijumaa, 13 Juni
Masanja kaibandua. Nimebandika nyingine kwa gundi ya viatu. Ajaribu.

Mama Kulwa, jirani muuza mchele, kaja kuchungulia, kaishia kushika pedi. Alipokufa akampisha mkulima wa kijiji cha Shishiyu aliyeleta pamba mjini. Huyo kachunga ng'ombe tangu mdogo, njia hasahau. Akaniambia: "Dada, kuna ukuta tumeuacha kushoto, juu ya maji. Tutaurudia." Sikumfundisha mtu. Nimefurahi hadi nikasahau kula.

Jumamosi, 14 Juni
Masanja kaja na CD ya mpira. Nimesimama mbele yake. Nikamwambia aning'oe mimi kwanza, ndipo ang'oe gemu.

Nyuma yangu Mama Kulwa akapata viatu. Watu saba wakaanza kumwelekeza, Kisukuma na Kiswahili pamoja. Rudi! Kushoto! Juu ya maji! Akaruka, akaruka tena hewani, akasimama juu ya ukuta. Kelele zake, hata wa mpira waligeuka. Masanja akatoka na CD yake. Nimecheka kwa sauti, makusudi.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya kanisa nimepita kibandani kuchukua kitenge nilichosahau. Mlango uko wazi nusu. Masanja peke yake, TV ya tatu, bado kavaa suti. Hakuanza upya. Kaendelea pale alipoachia Mama Kulwa.

Akafa. Akabaki na pedi mkononi, hakuna wa kumpisha. Nikakaa kando yake kwenye benchi, nikanyoosha mkono. Akanipa.